Kihenge Kitoke Kizima

Fundi Shamte alifika Sepuka na pikipiki, nyundo moja na swali moja. Swali alilitoa kabla hata hajashusha mguu chini.

"Baba yupo?"

"Yupo mashineni," Raheli akajibu. "Aliyekupigia simu ni mimi."

Shamte akamtazama yeye, akamtazama na mtoto aliyefungwa mgongoni, kisha akageuka kuangalia barabara kama vile huyo baba angetokea sasa hivi aje kumwokoa. Alikuwa mtu wa Singida mjini, mwenye kofia ya kufuma kichwani na vumbi la saruji kwenye nyusi, na maneno yalimtoka kirahisi.

"Unajua, shemeji, kazi ya kujenga mtu anaweza kuagiza peke yake. Kazi ya kuvunja haitaki hivyo. Ukuta ukishalala haurudi. Leo mama anasema vunja, kesho baba anauliza nani kavunja. Mimi nimeshakimbizwa na panga Kintinku."

"Hapa hatuna panga," Raheli akasema. "Tuna ukuta. Ingia uuone."

Akaingia. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati zilizopauka. Mbele palikuwa na sebule, na sebule hiyo ilikuwa na mlango mpana wa mbao, wa kufunguka pande mbili, ambao marehemu baba mkwe aliununua kwenye godauni kuukuu akauleta kwa mkokoteni wa ng'ombe. Nyuma ya sebule kulikuwa na stoo. Ili ufike stoo ilibidi upite mlango wa pembeni, ukate korido, kisha ujibane kwenye kamlango kembamba ka nyuma. Kati ya sebule na stoo ulisimama ukuta mmoja, na ukuta huo ndio Raheli aliokuwa ameuota miezi yote hiyo.

"Huu," akasema, akiupiga kiganja kama mtu anayemtambulisha ng'ombe mnadani. "Huu ukiondoka, napata chumba kimoja kikubwa. Nafungua kituo cha kulelea watoto mchana. Afisa ustawi wa jamii alikuja, akaona vyumba viwili vidogo, akasema havifai. Anataka mlezi akae mahali pamoja aone watoto wote bila kuzunguka."

Maneno hayo, bila kuzunguka, alikuwa ameyashika kama sala. Alimaliza masomo ya jioni ya malezi akiwa na Shukuru mgongoni, akinyonyesha huku anaandika. Hakuyatafuta kwa kupenda vyeti. Msimu uliopita wa alizeti, jirani yake Mboni alikwenda kuvuna akamfungia binti yake Esta ndani kwa kufuli, na kikombe cha uji. Wifi wala bibi wa kumwachia hakuwa naye. Raheli alisikia kilio, akaenda, akaukuta mlango umefungwa. Alikaa chini kwenye vumbi, akaingiza vidole kwenye upenyo wa chini ya mlango, na vidole vidogo vikavishika upande wa pili. Akaimba mpaka sauti ikamkauka na Mboni akarudi. Hawakusemezana siku ile. Ila tangu hapo Raheli alikuwa hawezi kuuona ule ukuta wa sebule bila kuuona umeshalala.

Shamte akapanda juu ya stuli, akachungulia paani, akagonga hapa na pale. Akakwangua lipu kwa kucha, udongo ukamiminika.

"Kenchi za paa zimelalia kuta za nje. Huu umesimama tu, haujabeba kitu. Halafu umejengwa kwa udongo, si saruji." Akacheka. "Shemeji, huu ni wa asubuhi moja. Nyundo kubwa, mtu wangu Antipasi, kufika saa sita unapiga deki."

Moyo wa Raheli ukaruka. Shukuru naye akaruka mgongoni, labda kwa kuambukizwa.

"Nani anapiga deki kwangu?"

Mama Theresia, mama mkwe, alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa choroko mkononi. Shamte akavua kofia haraka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mvunjaji?"

"Ndiye mimi, mama. Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Mwenye nyumba amelala kule nyuma chini ya msalaba. Mimi ndiye niliyebaki."

Raheli alikuwa amemwomba kwa wiki nyingi, akapewa majibu ya "tutaona" na "mwulize mume wako," na mume wake Deo kila akiulizwa alisema, "mwulize mama." Sasa alipiga magoti pale pale mbele ya fundi, mtoto mgongoni.

"Mama, ni huyu fundi niliyekueleza."

Mama Theresia akaupepeta ungo mara mbili tatu, choroko zikaruka na kurudi. "Vunjeni," akasema. "Hata yeye aliujenga ili watu wakae, hakuujenga tuuabudu. Lakini kihenge changu cha kuwekea mtama kilichomo stoo kitoke kizima. Kikipasuka, basi ukuta wangu muuache ulivyo, na hao watoto mwende mkawalee kwingine."

"Kihenge tu, mama?" Shamte akavaa kofia yake. "Mimi nimehamisha makabati ya vioo."

Wakakubaliana. Raheli akatoa kianzio kutoka akiba yake ya kikoba, Shamte akazipokea huku bado akitupa jicho barabarani, kumtafuta baba.

*

Jumamosi kulipokucha, Raheli alikuwa ameshaamka, ameshapika chai, ameshafagia hata mahali ambapo pangejaa kifusi. Deo alimwona akipima sebule kwa hatua, akihesabu mikeka isiyokuwepo. "Hapa watalala wadogo. Hapa ndoo ya maji ya kunawa." Akafika ukutani, akageuka kama askari, akarudi.

"Umegota ukutani," Deo akasema.

"Leo ndiyo mwisho wa kugota."

Wakaanza kutoa vitu. Na hapo ndipo mtu anapojua nyumba yake ilivyo, vitu vinapotolewa juani. Kochi kubwa, ambalo ndani lilionekana la heshima, nje lilijulikana kwamba mguu mmoja ni tofali. Vitambaa vya kufuma vilipotolewa, sponji ikachungulia. Godoro la Shukuru likasimamishwa kwenye ua, limejaa ramani za mkojo, nchi juu ya nchi. Raheli akalifunika kwa shuka, upepo ukaifunua. Wapita njia walipunguza mwendo, wakaangalia, wakaendelea kwa haraka bila kusalimia. Hilo nalo lilimuuma. Alidhani wanaona haya kwa niaba yake.

Mama Theresia hakutaka kuangalia chochote. Alitandika mkeka nje karibu na makochi, akaupa mgongo mlango, akajifunika kanga kichwani na kunyoosha miguu. "Mkimaliza mniite," akasema.

*

Kihenge kilikuwa kikubwa. Kilimfika Deo kidevuni, na watu wawili wakikikumbatia vidole havikutani. Kilisukwa kwa fito, kikakandikwa kwa samadi na udongo ndani na nje, mdomo mwembamba na kifuniko chake juu. Mtama wa mwaka huu ulikuwa bado shambani, kwa hiyo kilikuwa kitupu, na waliponyanyua kiliitika kama ngoma.

"Inua. Taratibu. Geuza tumbo," Shamte aliamrisha. Antipasi, mtu mrefu mwenye kusema kidogo, alishika chini. Deo alishika upande. Raheli alikwenda mbele akirudi kinyumenyume, mikono hewani, kana kwamba angekidaka.

Wakafika kwenye kamlango. Kihenge kikagota.

Wakakirudisha, wakakilaza kidogo, kikagota tena. Wakang'oa fremu ya mlango, Antipasi akaitoa misumari mmoja mmoja kwa ustaarabu. Kikagota. Shamte akachukua ufito akapima tumbo la kihenge, akaja kuupima mlangoni. Akaangalia ufito, akaangalia mlango.

"Jamani," akasema polepole, "hiki kitu hakijawahi kupita hapa."

"Kitakosaje kupita," Deo akasema, "wakati kimo ndani?"

Wote wanne walisimama wakikitazama kihenge, nacho kimetulia, kikubwa kuliko njia zote za kuingilia.

Shamte alifuta jasho, akamgeukia Deo. "Bwana mkubwa, sikiliza. Nina mteja Ikungi ananisubiri leo hii hii jioni. Kama nyundo haijapiga kabla ya saa sita, mimi napakia. Na kianzio kimeshaingia kwenye mafuta, nisikudanganye."

"Kianzio nilikupa mimi," Raheli akasema.

"Ndiyo, shemeji, namwambia baba ili ajue."

Deo akamvuta mkewe kwenye korido. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimfanya atafute njia fupi. "Tukikate katikati," akanong'ona. "Kwa msumeno. Kikitoka nje tunakishona kwa kamba, tunakandika samadi mbichi. Mama amekaa kule, haoni kitu."

"Ataona."

"Ataonaje? Macho yenyewe..."

"Baba Shukuru, mama hakioni kwa macho. Anaingiza mkono. Anakijua kihenge hicho kama ninavyomjua huyu." Akamgusa mtoto. "Halafu mimi nikae humo na watoto wa watu kila siku, na mama apite ananisalimia, na mimi najua?"

"Basi usivunje."

"Nitavunja."

"Kwa njia gani sasa?"

Hakujua. Akaikaza kanga ya mtoto kiunoni, akatoka nje kwenda kwa mama mkwe wake. Kama ni kushindwa, alitaka ashindwe akiwa amepiga magoti pale, si akiwa amejificha koridoni.

*

Nje, mkeka ulikuwa umejaa.

Mwanzoni hakuelewa. Wanawake watano au sita walikuwa wamekaa kumzunguka Mama Theresia, kanga zimefungwa kiunoni, vichwa vimeinama. Wengine walikuwa wanaingia uani kimya kimya. Mboni alikuwa anatua mzigo wa kuni kichwani bila kuupigisha chini, na nyuma yake Esta amebeba sufuria. Karibu na godoro la Shukuru kulikuwa na debe la unga. Wanaume walikuwa wamekalia kochi lake, lile la tofali, mikono magotini.

"Pole sana, mama," mwanamke mmoja alikuwa anasema.

"Asante, mwanangu," Mama Theresia akajibu toka ndani ya kanga.

"Ni mipango ya Mungu."

"Mungu ndiye ajuaye. Tumeishi pamoja tangu nilipoolewa."

Wanawake wakaguna kwa uchungu. Mmoja akajifuta pua.

"Alikuwa anaumwa?"

Mama Theresia akafikiri. "Mwaka juzi panya walitoboa," akasema.

Wanawake wakatazamana.

Mboni akamshika Raheli mkono, akamvuta kando, macho yake mekundu. "Mama Shukuru, mbona hukunituma hata mtu? Nimesikia kwa wapita njia. Ni nani?"

"Nani nini?"

"Aliyetutoka."

Raheli akageuka polepole. Akaona makochi nje, meza nje, televisheni imefunikwa shuka. Akaona mama mtu mzima juu ya mkeka, kanga kichwani, hasemi na mtu. Akakumbuka wapita njia waliopita haraka bila kusalimia. Sepuka nzima hakuna anayetoa makochi yote nje asubuhi isipokuwa ndani watu wanahitaji nafasi ya kukaa na marehemu.

"Mungu wangu," akasema. "Mboni, hakuna aliyekufa. Tunavunja ukuta."

Taarifa ilitembea uani kama moshi. Mzee mmoja akasimama, akavaa kofia aliyoivua. "Nimefunga duka langu," akasema kwa hasira. "Nimefunga duka, nimekuja kulilia ukuta?" Raheli aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Walikuwa wameona sponji yake, godoro lake, na sasa wamemwona amewafanya wajinga. Alitamani Shukuru awe mkubwa ajifiche nyuma yake.

Ndipo Mama Theresia akafunua kanga.

"Kwani ninyi mlikuwa mnanipa pole ya nini?"

"Ya msiba, mama."

"Mimi nilijua ya kihenge."

Akawatazama mmoja mmoja, na mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka bila sauti kwanza, kisha kwa sauti, akijipiga mapaja, na kwa kuwa mwenye msiba ndiye aliyecheka, wengine wakapata ruhusa. Kochi zima likacheka mpaka likaserereka kwenye tofali lake. Yule mzee wa duka alijikaza kwa muda, akashindwa, akavua kofia tena.

Raheli akapiga magoti katikati ya kicheko kile. Lilikuwa swali jepesi, akashangaa kwamba hakuna aliyeliuliza.

"Mama, kihenge kiliingiaje?"

"Hakikuingia," Mama Theresia akasema, akifuta macho. "Baba Deo alikisuka mle mle. Kuta za nje zilikuwa zimesimama, mvua zimekaribia, mtama unamlilia shambani. Akasuka kwanza. Huo ukuta akaujenga baadaye."

"Na hukutuambia, mama?"

"Mliniuliza kama nakubali. Nikakubali. Jingine mmeniuliza lini?"

Raheli akasimama, magoti yote vumbi. Aliona jambo lote kwa mara moja, kama mtu aliyewashiwa taa. Kihenge hakikuwa kinangoja mlango. Kilikuwa kinangoja ukuta.

"Fundi," akamwita Shamte, aliyekuwa ameshafunga nyundo kwenye pikipiki. "Ukuta uondoke kwanza. Kihenge kipite sebuleni, kitokee mlango mpana."

Shamte akatikisa kichwa. "Nilishaliwaza, shemeji. Nikipiga nyundo matofali yanaangukia upande wowote. Hicho kitu kiko pale pale nyuma yake, hakina pa kukwepa. Kukiokoa lazima tofali litolewe moja moja kwa mkono, kuanzia juu. Hiyo ni kazi ya siku nzima na watu wengi. Mimi ninao watu wangapi? Nina Antipasi."

Raheli akaugeukia uwanja. Ua ulikuwa umejaa, na wengine walikuwa bado wanaingia na kanga zao kiunoni, wanauliza kicheko cha nini. Kuni zilikuwepo, unga ulikuwepo, na sufuria ya kupikia watu wengi.

"Mboni," akasema, "mlikuwa mmekuja kushinda?"

"Kushinda na kulala," Mboni akajibu. Akaangalia mlango wazi wa sebule, akaangalia uso wa Raheli, na kitu kikapita kati yao ambacho hawakukisema siku ile ya kufuli. Akaikaza kanga yake upya. "Haya, mama. Tutoleeni hayo matofali."

*

Godoro la Shukuru, lile la ramani, ndilo lililofunika kihenge. Walilizungusha tumboni na kulikaza kwa kamba ya ng'ombe. Antipasi na Shamte walipanda juu, wakalegeza kila tofali kwa tindo, wakalivuta upande wa sebule, wakalikabidhi chini. Kuanzia hapo lilipita mkono kwa mkono, kwa Deo, kwa yule mzee wa duka, kwa wanawake wa kwaya na wanawake waliotoka msikitini, likatoka mlango mpana na kupangwa uani. Udongo ulikuwa mkavu, uliachia bila ugomvi. Vumbi liliwapaka wote rangi moja.

"Msiba mzuri huu," mtu akasema. "Marehemu hana deni."

"Na hana ndugu wa kugombea mashamba."

Mama Theresia hakukaa mkekani. Alisimama chini ya ukuta na kanga yake puani, akisimamia. "Hilo la pembeni linyooshe, lisiguse. Wewe mrefu, polepole, huvuni mahindi." Kisha, bila kuambiwa, akaingia kwenye mstari kati ya Mboni na Raheli. Kila tofali lililomfikia alilifuta kwa kiganja kabla ya kulipitisha. "Maji ya haya nilichota mimi," akasema. "Deo akiwa tumboni."

Unga wa msiba ukapikwa, watu wakala kwa zamu. Shamte alipigiwa simu na mteja wake wa Ikungi, akapokea akiwa juu ya ukuta. "Kaka, nimepata msiba," akasema, na sebule ikalipuka kwa kicheko. "Nitakuja Jumatatu."

Ukuta ulishuka mabegani, ukashuka kiunoni. Mwanga wa mlango mpana ukaingia stoo kwa mara ya kwanza, ukapanda juu ya kihenge. Ulipofika magotini Shamte akashuka, akajipangusa, akaja moja kwa moja mbele ya Raheli.

"Mama Shukuru, matofali mazima ni mengi. Unataka tuyapange wapi? Yanatosha kujenga choo cha watoto."

Deo alikuwa amesimama hapo hapo kando. Shamte hata hakumtazama. Raheli alitaka kujibu haraka, akajikuta anatabasamu kwanza.

"Nyuma ya jiko," akasema.

Wakakinyanyua kihenge. Kilivuka masalia ya ukuta, kikakata sebule, kikafika kwenye mlango mpana na kupita katikati yake bila kugusa upande wowote, kama kitu kinachokumbuka kazi yake. Uani wakafungua godoro. Mama Theresia akakizunguka mara moja. Akaingiza mkono kwenye mdomo wa kihenge mpaka begani, akapapasa, uso ameuinua juu, macho amefumba. Watu wakasogea. Hata Shukuru alinyoosha shingo.

"Kizima," akasema.

Mboni ndiye aliyeanza vigelegele.

*

Jua lilipokuwa linashuka walikuwa wameondoa hata safu ya mwisho na kufagia. Pale ukuta uliposimama palibaki mstari tu sakafuni, mweupe kidogo, kama kovu la zamani. Raheli alisimama karibu na mlango mpana, hakusogea hata hatua, akaangalia. Esta na watoto wengine walikuwa wanakimbia toka upande huu mpaka ule, wanapiga ukuta wa mwisho kwa viganja, wanarudi. Aliwaona wote.

"Kifuniko," Mama Theresia akasema ghafla. "Kifuniko cha kihenge kimebaki stoo."

Kabla mtu hajasema "nakuletea," alishanyanyuka. Akapita mlango wa pembeni, wakamsikia akikata korido, kandambili zikiburura, akajibana kwenye kamlango kembamba kasikokuwa na fremu tena, akatokea upande wa pili. Akainama, akaokota kifuniko. Alipoinuka aliona sebule nzima inamtazama, Deo, Mboni, mafundi, watoto walioacha kukimbia.

"Mnacheka nini?"

"Hatucheki, mama," Raheli akasema. Akanyoosha mkono. "Mama, pita hapa."

Mama Theresia akaangalia nyuma, kwenye kamlango. Akaangalia mbele. Akakikumbatia kifuniko kifuani, akaja mpaka kwenye ule mstari mweupe, akasimama. Kisha akainua mguu juu kabisa, kama mtu anayevuka kizingiti kirefu, akauweka upande wa pili.

Esta akamwona. Naye akainua mguu wake juu hivyo hivyo, akamfuata.